Mchoma Tanuru Hulala Peke Yake

Siku upepo na mvua ya mawe vilipokibomoa kijiji cha Mwaligembe, Masele alikuwa chooni. Yeye mwenyewe hapendi kulisema hilo, lakini wapo wengi wanaomsaidia kulisema. Nyumba ilianguka, ghala likaanguka, paa la banda la mbuzi likaenda kuokotwa kwenye shamba la pamba la jirani, na katika mji wake mzima kikabaki kimesimama choo peke yake, na mwenye mji ndani, suruali mkononi, akimwita Mungu kwa Kisukuma kwa kuogopa kwamba kwa Kiswahili angechelewa kueleweka.

Kilichomuuma ni kwamba choo kile hakukijenga kwa hiari yake. Mwaka wa kipindupindu bwana afya alikuja na pikipiki yake akamwambia: jenga choo cha tofali la kuchoma, la sivyo tutaonana mahakamani. Masele akajenga, huku akimtukania bwana afya kila tofali aliloweka. Nyumba aliyoijenga kwa akili zake mwenyewe, kwa tofali bichi, ililala chini kama ng'ombe mgonjwa. Choo cha serikali kikamponya. Sasa mtu aliyeilaumu serikali maisha yake yote ataanzaje kuishukuru uzeeni, tena kwa sababu ya choo?

Na lawama zake zilikuwa na mzizi. Mke wake, Sesilia, alifariki akisubiri gari la wagonjwa ambalo halikuwa na mafuta. Hapo hapakuwa na mzaha, na hata watani wake hawakupagusa. Lakini kwa hilo moja la kweli Masele alitotolesha mengine mengi, kama mwenye kuku mmoja anayejiita mfugaji. Pamba ikishuka bei, ni wao. Jua likikaza, ni wao. Ng'ombe akitoa mimba, ni wao hao hao. Ukimuuliza wao ni akina nani, ananyoosha kidevu upande wa barabara ya Shinyanga, utadhani wamekaa huko wote kwenye benchi moja wanamsubiri.

Baada ya mvua ile serikali ilikuja. Ilileta mahema, unga na mablanketi, na juu ya vyote ikamleta mkuu wa wilaya mwenyewe, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Akasimama mbele ya kipaza sauti akasema neno lililoeleweka.

"Serikali itatoa mabati, mbao, saruji na mafundi. Ninyi mtatoa matofali. Ya kuchoma! Tofali bichi tumeshaona lilichotufanyia. Kijiji ambacho matofali yake yataiva kabla ya mvua za vuli, kitajengewa. Kisichoivisha, mabati yataenda kwingine, nacho kitangoja awamu ya pili."

Watu wakatazamana. Mwaligembe waliijua awamu ya pili. Maabara ya shule yao iliachwa kwenye renta ikisubiri awamu ya pili, mpaka mpapai ukaota ndani yake, ukakua, ukazaa, watoto wakala mapapai ya sayansi.

Masele alinyoosha mkono aseme. Maneno alikuwa nayo tayari tangu msiba wa Sesilia, ameyapanga kama kuni za harusi. Mshereheshaji akamtazama, akamruka. "Muda hautoshi, wazee wangu." Msafara ukaondoka, na maneno ya Masele yakarudi tumboni yakalala na michembe ya viazi vikavu aliyokula asubuhi.

Kazi ikaanza. Kila kaya ilifyatua matofali yake, wenye nguvu wakawasaidia wasio nazo. Miti ilikatazwa kukatwa, kwa hiyo lori likaleta pumba za mpunga kutoka mashine za mjini. Matofali yalipokauka yakapangwa tanuru moja la kijiji kizima, refu kama zahanati.

Likabaki swali la nani atalichoma.

Huko kwao tanuru haliwashwi na mtu yeyote tu. Wazee wanasema tanuru ni mja mzito, halitaki harufu ya ndoa. Anayelichoma hulala peke yake tangu moto unapowashwa mpaka matofali yanapopoa, na akivunja mwiko, matofali hutoka mabichi. Maige, kamanda wa sungusungu, mtu mwenye sauti ya kuamuru hata anapoomba chumvi, aliitisha watu akauliza:

"Nani ataweza?"

Wanaume wakatazama vidole vya miguu. Mmoja alianza kuinua mkono, mkewe akakohoa, mkono ukabadili safari ukaenda kukuna kisogo.

"Tunajichosha bure," sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Baba Enock si yupo?"

Kicheko kikapasuka.

"Mimi? Mimi nina nini?" Masele akauliza.

"Huna kitu, ndiyo sababu," Maige akamjibu. "Hata ukitaka kuvunja mwiko, utauvunja na nani?"

"Mnajuaje sina mtu?"

"Tunajua!" wanawake wakajibu kwa pamoja, tena upesi mno.

Ndivyo Masele alivyopata cheo cha kwanza katika maisha yake: kwa sababu kijiji kizima kiliridhika kwamba hakuna mwanamke anayemtaka. Jioni alimpigia simu mwanawe Enock, aliyeko machimbo ya Rwamgasa.

"Baba, wamekupa ukuu wa tanuru?" Enock alishangaa. "Kwa sifa gani?"

Masele akatafakari kidogo.

"Uadilifu," akasema.

Fundi wa halmashauri aliyetumwa kusimamia ujenzi alikuwa Bashiri, Mzaramo aliyelowea Ngokolo, mjini Shinyanga, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma. Mzaramo na Msukuma ni watani, kwa hiyo hawakupoteza muda kwenye heshima.

"Nyie Wasukuma bwana," Bashiri alisema siku ya kuwasha moto. "Kwetu tofali linaiva kwa moto. Huku linaiva kwa useja."

"Kwenu mmewahi kuchoma nini zaidi ya mihogo?" Masele akamrudishia.

"Sawa, mtani, cheka. Lakini nisikilize hili moja. Pumba ni moto mvivu. Ukiupa mgongo, unasinzia. Ukae nao, uulishe kidogo kidogo, uuchokonoe. Na usizibe midomo ya tanuru wakati moshi bado mzito. Ukiziba mapema umeua."

Masele akaitikia kwa kichwa namna anavyoitikia mahubiri. Bashiri alikuwa mtu wa serikali, na ushauri wa mtu wa serikali yeye aliuhesabu kama mvua ya Juni: ikinyesha, sawa, lakini hupandi kwa kuitegemea.

Cheo kikamkaa. Siku ya kwanza tu alipiga marufuku mtu na mkewe kupita pamoja karibu na tanuru. Waliomletea pumba aliwauliza walilalaje. Maige alipokuja kukagua, akaambiwa asimame mbali, angoje aitwe. Alipata kiti cha plastiki, akakiweka mahali pa juu kidogo, akawa anaelekeza kwa fimbo.

"Jamani," wakanong'ona wanawake wa maji, "Baba Enock naye amekuwa wao!"

Aliyemvumilia ni Asteria, mama Ndaki, mjane wa hema la jirani. Alikaa humo na mama yake mzazi, bibi kizee wa kifua kibovu, ambaye upepo wa hemani ulikuwa unammaliza kwa kikohozi. Asteria alifyatua matofali yake mwenyewe mpaka kucha zikalainika, na kila alfajiri alimletea Masele uji wa mtama, akauacha juu ya jiwe mbali na tanuru, kama mwiko ulivyotaka.

"Liivishe vizuri, Baba Enock," alikuwa akimwambia. "Mama yangu hamalizi vuli hii kwenye turubai lile."

"Usiwe na wasiwasi. Hapa kuna mtu."

Asubuhi ya pili, tanuru likiwa limeshika moto na moshi unatoka mzito mweupe, gari dogo lilisimama kando ya njia. Akashuka msichana mwenye kipaza sauti mkononi, anaitwa Nelly, mtangazaji wa redio ya mjini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Ninatengeneza kipindi kuhusu kijiji chenu baada ya maafa. Nimeambiwa mtu anayeweza kuniambia ukweli hapa ni wewe."

Masele alimtazama yule mtoto, akautazama ule mpira mweusi wa kusemea. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumfuata kwa gari kumwomba alalamike.

Akageuka kulitazama tanuru. Moshi bado mzito. Upepo ulikuwa unaingilia upande wa mashariki na pumba zilikuwa zinaungua haraka upande huo, zitataka kuongezwa. Akapiga hesabu za mtu mwenye haraka: nikiziba midomo kwa udongo, moto utatulia kidogo, nitaongea maneno mawili matatu, nitarudi nizibue. Akachota udongo akaziba midomo yote. Akaenda hemani, akavaa shati la kanisani.

Wakakaa kwenye kivuli cha gari. Alianza na Sesilia. Alieleza jinsi alivyompigia dereva simu, jinsi dereva naye alivyokuwa karibu kulia kwa sababu tangi lilikuwa tupu, jinsi Sesilia alivyomwambia, "Niweke kivulini, Baba Enock, jua linanichoma," na hilo ndilo lililokuwa la mwisho. Nelly akafuta macho. Kama Masele angeishia hapo, angekuwa amesema jambo zito kuliko yote yaliyowahi kusemwa Mwaligembe, na angewahi tanuru.

Lakini alikuwa amesikilizwa, na kwa mtu kama yeye kusikilizwa ni pombe. Akahamia kwenye pamba. Kutoka kwenye pamba akaenda kwenye mbegu, kwenye mizani, kwenye bwana afya, kwenye mpapai wa maabara. Akarudi nyuma mpaka enzi za vijiji vya ujamaa, akamsema mtu aliyemhamisha baba yake. Kivuli cha gari kilisogea, nao wakasogeza viti. Kikaingia chini ya gari, nao wakazunguka kukitafuta upande wa pili. Nelly alikuwa ameshafunga macho mara mbili akijifanya anatafakari.

Masele aliporudi, udongo aliozibia ulikuwa umekauka na kupasuka, na midomo ya tanuru ilikuwa baridi kama ya mtu aliyenyimwa chakula. Akazibua, akachokonoa, akamwaga pumba, akapuliza mpaka kizunguzungu kikamshika. Upande wa mashariki ukakubali kuwaka. Upande wa magharibi ukatoa moshi kidogo, kwa adabu tu, ukazima.

"Joto limo ndani," Masele akajiambia. Kwa mara ya kwanza alizungumza kama mkuu wa wilaya.

Hakumwambia mtu.

Siku ya kufungua tanuru kijiji kizima kilikuwepo, na Ritha, mtendaji wa kijiji, binti mdogo aliyevaa viatu vya mjini kwenye udongo wa kijijini, alikuwa ameshampigia simu mtu wa mabati. Upande wa mashariki matofali yalitoka mekundu, ukiyagonga yanalia kama kengele. Vigelegele vikapigwa. Wakafika katikati, vigelegele vikapungua. Upande wa magharibi yalikuwa na rangi ya biskuti. Bashiri akachukua moja, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Wote wakainama kuangalia. Tofali likajifungua taratibu, likayeyuka kama sukari kwenye chai.

"Hayatoshi nyumba zote," Bashiri akasema. "Hata tukibanabana, kaya moja itakosa."

Mwanamke mmoja akaanza kuzihesabu kaya kwa vidole.

"Pumba zilikuwa na maji," Masele akasema haraka. "Hao waliotuletea—"

"Pumba ni zile zile zilizoivisha upande ule, mtani."

 Hapo ndipo Maige alipojivuta mbele na fimbo yake.

"Hapa hakuna cha pumba. Mwiko umevunjwa. Nani alikuwa anakuja tanuruni alfajiri?"

Macho yote yalihama kwa pamoja kama kundi la kwelea, yakatua kwa Asteria.

"Nilikuwa naleta uji!" Asteria akasema, na mengine aliyotaka kuongeza yakamezwa na miguno ya watu.

"Uji," Maige akarudia, na likawa neno chafu.

Sasa, Masele aliujua ukweli. Ulikuwa na udongo mkavu na shati la kanisani. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Lakini kuna jambo lilimtokea ambalo mpaka leo akilikumbuka anatafuta kitu cha kujifunika. Aliona wanaume wanamtazama kwa heshima. Mzee mmoja aliyekuwa hamsalimii akampiga begani akasema, "Kumbe bado umo!" Wanawake wale wale waliosema "tunajua" wakawa wanampima upya, toka miguuni mpaka kichwani, kama wanaume wanavyolipima dume la mnada. Masele alikuwa ameingia kwenye umati ule akiwa mpumbavu aliyezimisha moto. Akajikuta anatoka humo mwenye mwanamke. Mgongo wake ukanyooka wenyewe. Mkono ukapanda, ukasogeza kofia upande.

"Mimi sisemi kitu," akasema, kwa ile sauti ambayo husema kila kitu.

Hukumu ikatoka palepale: mkutano wa Jumapili baada ya ibada ungethibitisha kwamba aliyeleta hasara ndiye akose nyumba. Asteria angengoja awamu ya pili.

"Na Masele?" Ritha akauliza.

"Masele ni mwanamume," Maige akajibu. "Alijaribiwa."

"Lakini kamanda, serikali haina mwiko wa tanuru. Mimi nitaandika nini wilayani?"

"Andika unavyotaka, mwanangu. Mabati ni ya serikali, lakini matofali ni jasho letu. Jasho tunaligawa wenyewe."

Ritha akafunga daftari lake, kwa sababu ndivyo barua yenyewe ya wilaya ilivyosema.

Jioni Asteria alimfuata Masele hemani kwake. Hakuingia. Alisimama nje, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kupura.

"Baba Enock, umewaambia nini watu?"

"Mimi? Sijasema kitu."

"Ndicho nilichokuja kuuliza. Kwa nini hujasema kitu?"

Masele akatazama kamba ya hema.

"Mambo ya watu yatapoa, mama Ndaki."

"Yatapoa mama yangu akiwa udongoni. Msikilize huyo." Kikohozi kilikuwa kinasikika toka hema la pili, kirefu, kinapanda kama mtu anayekwea mlima. "Atalala na mvua kifuani, na wewe umekaa hapa umevaa kofia upande. Kila siku wao, wao. Wao wakikosea wanamtafuta mnyonge wa kumtupia. Wewe umetafuta nani?"

Akaondoka. Masele akaivua kofia, akaigeuzageuza, akaona ni ya kizamani na ina tundu.

Jumapili watu walikaa nje ya ofisi ya kijiji. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Songwa, na kila mtu alikuwa anaongea kwa haraka. Maige akasoma hukumu kichwani mwake, maana hakuwa na karatasi. Alipofika kwenye jina la Asteria, Masele alijikuta amesimama. Magoti hayakumwomba ruhusa.

"Huyu mama hana kosa," akasema. "Tanuru nililiua mimi. Niliziba midomo nikaenda kuongea na redio."

 Halafu mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

"Anamkinga!"

"Yaya! Mapenzi hayo, jamani!"

"Sesilia alikuwa hapati hata kubebewa ndoo, leo huyu anabebewa kesi!"

"Nawaambia kweli!" Masele akapandisha sauti. "Haki ya Mungu, sikulala na mtu!"

"Mwanamume wa kweli hukana," mzee yule aliyempiga begani akawaeleza vijana, akitikisa kichwa kwa kustaajabia.

Masele akaapa kwa kaburi la mkewe. Wakasema, tazama, anamwomba radhi mpaka marehemu. Akaeleza habari za udongo, upepo na kivuli cha gari. Wakasema amejifunza uongo mrefu, lazima ni wa mjane. Miaka yote alipowaambia kwamba serikali ndiyo iliyomtoa ng'ombe wake mimba, walimwamini, wengine wakachangia mifano. Leo alikuwa amebeba ukweli mtupu mikononi, na hakupata wa kumpokea.

Asteria alikuwa amekaa chini, mkono shavuni. Akainuka.

"Ritha mwanangu, kile kipindi cha yule dada kinatoka leo, si ndiyo?"

Ritha akatazama simu yake. "Kimeshaanza, mama."

"Kiweke kwenye spika, wasikie."

Ritha akaisogeza simu kwenye kipaza sauti cha ofisi. Kwanza ilisikika muziki wa tangazo la sabuni, kisha, kubwa kuliko ilivyowahi kuwa, ikafunguka sauti ya Masele mwenyewe. Alikuwa amefika kwenye viongozi.

"...tatizo lao hawa, mwanangu, wanaanza jambo halafu wanaliacha katikati. Hawana uvumilivu wa kukaa na kazi..."

Na nyuma ya sauti ile, kwa mbali, lakini wazi kama jogoo, ikasikika sauti ya Asteria: "Baba Enock! Baba Enock wee! Moshi umekata! Tanuru linazimika!"

Na sauti ya Masele ikajibu kwa hasira: "Ngoja kwanza, wewe mama! Serikali sijaimaliza!" Kisha ikarudi kwa Nelly, taratibu, kwa uchungu: "Ukiwaita, hawasikii."

 Kwanza watu walivuta pumzi. Kilipokuja, kicheko kile kiliwatoa watu kwenye mabenchi. Bashiri alivua kofia akajifunika nayo uso, tumbo lake likawa linatikisika peke yake. Hata Maige, ambaye meno yake yalikuwa hayajaonekana tangu mvua ya mawe, aligeukia ukuta. Masele alisimama katikati, akisikiliza redio ikiendelea kumwaga pamba, mizani na bwana afya, na akaona jambo la ajabu: alikuwa anachosha. Alikuwa hajawahi kujisikiliza.

"Mtani," Bashiri alisema alipopata pumzi, "kama ungeliongelea tanuru, lingeiva kwa maneno tu."

Watu walipochoka kucheka, Masele akasema bila kuulizwa:

"Matofali yangu mpeni mama Ndaki. Mimi nitangoja."

Maige akajikohoza, akitafuta ukamanda wake ulikoangukia. "Yale mabichi ambayo hayajayeyuka ni ya kwako. Yachome upya. Peke yako. Yakiiva kabla fundi hajaondoka, utajengewa. Yasipoiva..."

"Awamu ya pili," watu wakamalizia kwa pamoja.

Akamgeukia Asteria akataka kusema neno. Asteria akamtangulia. "Samahani yako tutaisikia redioni," akasema, akaenda kumwangalia mama yake.

Nyumba zikapanda. Mlango wa Asteria ulipowekwa, bibi kizee aliingizwa akiwa amebebwa kitini, akatazama bati jipya juu, akauliza kama litapiga kelele mvua ikinyesha. Akaambiwa litapiga sana. Akasema vizuri, atajua yuko ndani.

Masele akalipanga tanuru lake dogo pembeni mwa kijiji, akaazima beleshi, akaomba pumba zilizobakia. Fundi alikuwa anaondoka mwisho wa wiki. Mawingu sasa yalikuwa hayajikusanyi tena, yalikuwa yamekaa. Alikaa na moto ule kama anavyokaa mtu na mgonjwa. Hakuwa na kiti. Aliulisha, akauchokonoa, akauzuilia upepo kwa bati bovu, na kila moshi ulipotaka kupungua kabla ya wakati alikuwa ameshafika.

Na siku ya pili ya moto huo, moshi ukiwa mzito mweupe, ndipo msafara ulipokuja kukabidhi nyumba. Aliyahesabu magari kwa masikio. Ngoma zikapigwa, nyimbo zikaimbwa, kipaza sauti kikakoroma, na sauti ya mkuu wa wilaya ikafika mpaka tanuruni.

"Kabla sijakata utepe," ilisema, "nilisikia redioni kuna mzee wa hapa ana mambo mazito ya kutuambia sisi viongozi. Leo nina muda. Nimekuja kusikiliza. Mzee Masele yuko wapi? Apite hapa mbele, apewe kipaza sauti."

Beleshi lilibaki hewani.

Asteria alikuja mbio, kanga mkononi. "Baba Enock! Unaitwa! Mkuu wa wilaya mwenyewe! Nenda, nitakushikia beleshi."

Masele akayatazama magari yale yanayong'aa kule mbali, na umati uliogeuza vichwa kumtafuta. Maneno yote yakaamka tumboni, yakasimama mstari. Akaitazama midomo ya tanuru. Upepo ulikuwa umebadilika na unaingia mashariki.

"Waambie niko kazini," akasema. "Wakitaka, waje wao huku."

"Wao waje huku?"

"Nenda uwaambie, mama. Upesi."

Asteria akageuka akakimbia, kanga mkononi vile vile. Alikuwa hajafika hata kwenye nyumba ya kwanza kipaza sauti kilipokoroma tena.

"Haya, ndugu zangu, inaonekana Mzee Masele hayupo, na hana malalamiko tena. Huyo ni mwananchi aliyeridhika! Tumpigie makofi!"

Makofi yakapigwa, mengi, ya furaha. Masele alifungua mdomo kwa upana wote Mungu aliompa, moshi ukamwingia, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Akafuta uso kwa mkono wa shati, akachota pumba, akaumwagia upande wa mashariki.